Sio kila "me" ya kiswahili ni "have" ya kiingereza, mi ilinigharimu kujua

Msimu wa korosho uliopita nilikua naandika imeili za ofisini hapa Mtwara, mzigo unatoka maghala ya Masasi na Newala unashuka bandarini, wanunuzi wako India, kwahiyo kutwa nzima ni kiingereza tu. Siku hiyo lori likafa njiani, dereva akabaki nalo, kesho yake alfajiri nikamwandikia mnunuzi: "The truck has broken down yesterday, the driver has slept there." Akajibu akiuliza, sasa dereva alivyoamka kaelekea wapi? Mi nilimaanisha bado kalala palepale!

Nimeikalia sana ile sentensi na kila kosa lililomo limetoka kwenye kiswahili changu. Sisi "me" inafanya kazi mbili. Lori limeharibika, hapo jambo limetokea. Lakini dereva amelala, nimechoka, amekaa, hapo unaeleza hali aliyonayo mtu sasa hivi, na hiyo kiingereza hakiiwekei "have" kabisa, ni "is sleeping", "I am tired", "he is sitting". Ukisema "he has slept" msikilizaji anaelewa usingizi umeisha.

Halafu hiyo "yesterday". Sisi tunasema nimefika jana na hakuna anayeshtuka, ila kiingereza ukishataja muda uliopita kabisa, jana, juzi, saa mbili zilizopita, "have" inaondoka, inabaki "broke down", "arrived". Na kuna upande wa pili ambao wengi hatuuangalii: naishi Mtwara tangu 2015. Hapo tuna "na", tunakimbilia "I am living here since 2015", kumbe ndo pale pale wanapotaka "I have lived here since 2015", maana jambo limeanza zamani na bado linaendelea. Kwahiyo ushauri wangu, usianze na kitenzi, tafuta kwanza neno la muda kwenye sentensi yako, kama halipo jiulize jambo limeisha au bado, ndo uchague.

Koma nayo. Kiswahili tunaunganisha tu, lori limeharibika, dereva kalala, mzigo uko salama, na inasomeka vizuri. Kiingereza cha ofisini koma peke yake haibebi sentensi mbili zinazojitegemea, weka nukta, au weka koma na "so", "and", "but". Na usiiache pale inapotakiwa: "No stock is left" ni mzigo umeisha, "No, stock is left" ni hapana, mzigo upo. Fikiria mnunuzi amekuuliza kama mmemaliza kuuza halafu umesahau hiyo koma moja!

Ile imeili niliirudia hivi: "The truck broke down yesterday. The driver is still sleeping there, but the cargo is safe." Safari hii mnunuzi hakuuliza kitu.