Viumbe wa gemu wenye asili ya kunguru: woga, kisasi na mabega

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mtwara mjini, natengeneza gemu yenye kabila la watu-kunguru, wana mbawa na mikono. Kila nikichora wanatoka kama tengu, viumbe wa ngano za Kijapani, na wakianza kupigana ni maadui wa kawaida tu. Nikosoe.

JIBU: Marahaba. Tengu mwenye mdomo wa kunguru ana wenyewe, sawa na Huginn na Muninn, kunguru wawili wanaomletea Odin, mungu wa ngano za Skandinavia, habari za dunia. Wasome, halafu funga kitabu uende Feri wakati samaki wanaparuliwa. Inama kama unayeokota jiwe. Hujagusa hata mchanga, kunguru ameshapaa juu ya bati.

Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, si ndivyo tunavyosema? Basi hiyo ni kanuni ya mchezo. Mbali na uhai, mpe kipimo cha woga kinachopanda mchezaji akiinama au akinyanyua mkono. Kikijaa, aruke kabla hajapigwa. Na kwa kuwa kunguru hafugiki, mchezaji amlishe apendavyo, asimmiliki kamwe.

Kisha mpe kisasi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walivaa kinyago wakakamata kunguru. Miaka mingi baadaye aliyepita na kinyago kile alipigiwa kelele, hata na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Kwa hiyo chuki usiihifadhi kwa kiumbe mmoja, ihifadhi kwenye kundi: namba moja kwa kila sura, ipungue taratibu. Mchezaji akibadili kinyago, aanze upya. (Usinakili kinyago cha mapiko kabla hujaongea na wazee wa Kimakonde. Kile ni cha jandoni, si pambo.)

Mwili sasa. Bawa ndilo mkono wa ndege: lina bega, kiwiko, kifundo na vidole vilivyoungana. Ukiongeza mikono unahitaji jozi mbili za mabega, na ngozi ya kifuani itakunjamana kila akipiga bawa. Mimi ilinila wiki tatu. Futa mikono, ashike kwa mdomo na kucha. Ukiwa mbishi, mchomozee vidole viwili kwenye kifundo cha bawa.

Weusi mtupu humeza umbo kwenye skrini ya simu. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe, yule wa India ana shingo ya kijivu. Chagua mmoja.

Ila kabla ya manyoya, mjaribu akiwa pembetatu tupu. Mpe rafiki acheze, umuulize ni mnyama gani.