Jibu: Kijito cha bustani ya Nane Nane kinapoteza maji

Salaam mkuu. Nimekuelewa: bustani ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, kiwanja cha mita 4 kwa 3, kijito cha kuigiza mto Ruaha Mkuu, pampu inapandisha maji kutoka tangi la chini yateremke tena, na ikifika jioni tangi hilo limebaki nusu.

Kwanza zima pampu, subiri maji yateremke yote, weka alama tangini. Yakibaki palepale hadi asubuhi, tangi ni zima, yanapotelea kijitoni. Mara nyingi si tundu. Ukingo wa nailoni iliyotandikwa chini ya kijito umefukiwa mchangani, na mchanga unanyonya maji kama utambi wa koroboi hadi nje. Inua ukingo sentimita 5 juu ya maji pande zote, ubane kwa mawe.

Kijito cha urefu wa mita 4, upana sentimita 40 na kina 10 kinabeba lita 160. Tangi liweze kuyapokea yote pampu ikizimwa.

Mwonekano sasa. Agosti Ruaha ni mchanga mpana wenye mkondo mwembamba, basi usijaze maji. Mchanga ulale upande wa ndani wa kona, mawe makubwa upande wa nje, kila jiwe lizikwe theluthi yake. Yakikaa juujuu yanaonekana yamemwagwa na lori. Matete yabaki kwenye vyungu. Gugu maji usiliweke kabisa, tafadhali: likitupwa mtoni baada ya maonyesho, linaziba mkondo.