Maswali ya Wasomaji: Sindano imekinga wote, sasa kwa nini wengine walipewa vidonge?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nimesoma habari za ile sindano ya kuzuia virusi vya ukimwi inayochomwa mara mbili kwa mwaka, wanasema kwenye majaribio hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sasa kama ni nzuri hivo mbona wengine walipewa vidonge, si ndo kufanya watu panya wa maabara? Nauliza manake mdogo wangu wa kike ana pumu, ameombwa ajiunge kwenye majaribio ya dawa mpya na mama amekataa katakata. Nimwambieje?

JIBU: Asante sana kaka. Sindano unayoisema ni lenacapavir, na jaribio lenyewe liliitwa PURPOSE 1, lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti na wanawake wa miaka 16 mpaka 25, matokeo yakatoka 2024. Waliochomwa sindano walikuwa 2,134 na ni kweli, aliyeambukizwa hakuna. Ila hiyo sifuri ukiitazama peke yake haikuambii kitu, inawezekana tu hao mabinti hawakukutana na virusi. Kilichoipa maana ni wale wengine: kwenye Truvada, kidonge cha kinga kilichozoeleka, walikuwa 1,068 na 16 wakaambukizwa, na kwenye Descovy, kidonge kingine kilichokuwa kinapimwa humohumo, walikuwa 2,136 wakaambukizwa 39. Yani virusi vilikuwepo, na sindano ikavizuia.

Na jinsi walivofanya ni hivi. Waliopangiwa sindano walipewa pia vidonge visivyo na dawa, na waliopangiwa vidonge vyenye dawa walichomwa pia sindano isiyo na dawa, kwa hiyo wote wanachomwa, wote wanameza, na wala muhudumu anayekuchoma hajui uko kundi gani. Kundi linachaguliwa kwa kura, sio kwa kujuana wala kwa sura. Hakuna aliyepewa vitupu, yani visivyo na dawa, peke yake, kwa sababu dawa ya kinga ilishakuwepo na kumnyima mtu ingekuwa dhambi kubwa.

Kwa nini vidonge vilishindwa? Walipima damu za baadhi yao wakakuta dawa ni kidogo sana mwilini na inazidi kupungua kadiri miezi inavyoenda, manake wengi hawakuwa wanameza kila siku. Mimi siwalaumu hata kidogo, wewe mzima kabisa unatakiwa umeze kidonge kila siku, kopo liko kwenye mkoba, mpenzi akiliona anauliza hiki nini, mama naye anauliza. Truvada ukiimeza inavyotakiwa inakinga vizuri. Juni 2024 kamati huru iliyokuwa inafuatilia namba ikashauri watu waambiwe wako kundi gani na sindano wapewe wote wanaoitaka, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike.

Sasa hapo kwenye kwa nini wasingepewa wote tangu mwanzo. Miaka ya 80 madaktari walikuwa wanawapa watu waliopona shambulio la moyo dawa za kutuliza mapigo yanayoruka, encainide na flecainide. Kwenye mashine mapigo yalitulia vizuri kabisa, kila mtu akaamini zinaokoa maisha. Likaja jaribio la CAST, waliopewa dawa walikuwa 755 wakafa 63, waliopewa kidonge kitupu walikuwa 743 wakafa 26. Hizo dawa zilikuwa zinaua, kaka, na bila kundi la kulinganisha zingeendelea kuandikwa kwa nia njema kabisa, kwa sababu mgonjwa wa moyo akifa nani atashangaa?

Uangalie pia dawa inamfaa nani. Dexamethasone mwaka 2020 Uingereza ilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kutoka kama 41 kwa kila 100 mpaka 29, lakini kwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikusaidia. Dawa ileile, ugonjwa uleule.

Turudi kwa mdogo wako. Mama asisukumwe, aende naye, wakae wasomewe fomu ya ridhaa kwa lugha wanayoielewa na waibebe nyumbani kabla ya kusaini. Kama hajafika umri wa kujiamulia, mzazi ndo anasaini lakini na yeye mwenyewe lazima aulizwe. Swali la kwanza kabisa kwa mwenye pumu: ataendelea na pampu yake ya kawaida? Akiambiwa aiache, wamweleze kwa nini, na akibanwa usiku anampigia nani. Waulize pia dawa imeshapimwa kwa watu wangapi kabla yake, kundi la kulinganisha linapewa nini, na akidhurika nani analipia matibabu. Kujitoa anaweza siku yoyote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida, ila awaambie kwanza, kuna dawa hazifai kukatishwa ghafla. Na kwenye fomu kunakuwa na namba ya kamati ya maadili, hao sio watafiti wenyewe, mama akiwa na wasiwasi awapigie hao moja kwa moja.