Kabla ya kuchangia jengo, nendeni kwa wagonjwa

Miaka sita iliyopita chama chetu cha Watanzania hapa Marekani kilikuwa kinachangisha pesa za ukumbi, na mimi ndiye niliyeshika daftari la michango. Mama mmoja ambaye hakuwahi kukosa mchango alikuwa na wiki ya tatu tangu apasuliwe, amelala chumbani peke yake. Nilipokwenda kumjulia hali nilikuta bahasha nne za hospitali juu ya friji, hazijafunguliwa. Kiingereza kile kilimtisha. Moja ilikuwa na tarehe ya kurudi kliniki, nayo ilishapita. Niliumia sana.

Tangu hapo, wahamiaji wenzangu wakiniomba ushauri huwahadithia habari za Elisabeth Fedde, sista wa diakonia wa Kilutheri (mwanamke aliyewekwa na kanisa kuhudumia wagonjwa na maskini) kutoka Norwe, aliyefunzwa Christiania, yaani Oslo ya leo. Siku ya Krismasi ya 1882, akitimiza miaka 32, alipokea barua ya shemeji yake ikimwita New York akawahudumie Wanorwe wenzao. Aprili 1883 akafika. Mabaharia na wahamiaji waliugua Brooklyn, ambayo leo ni sehemu ya jiji la New York, mbali na ndugu, lugha hawaijui.

Sista hakungoja jengo. Alipanga vyumba vidogo karibu na kanisa la mabaharia, akawa anakwenda majumbani, mgonjwa baada ya mgonjwa. Hospitali ilikuja 1885, nayo ilikuwa na vitanda tisa tu. Tisa! Naamini vilitosha kuanzia kwa sababu wagonjwa alishawajua kwa sura. Mwaka 1888 alikwenda Minneapolis kuanzisha kazi kama hiyo. Ile ya Brooklyn ilikua, ikahamia jengo lililokuwa kiwanda mtaani Sunset Park, na leo ni sehemu ya NYU Langone, mtandao wa hospitali za New York.

Sisi ukumbi tuliuacha usubiri kwanza. Tunakwenda kwa wagonjwa wawili wawili, na uji kwenye chupa ya chai. Mkishasalimiana, ombeni kwa heshima kuziona barua, mwandike tarehe za kliniki ukutani kwa herufi kubwa. Ulizeni nani atamrudisha nyumbani akipasuliwa, maana akichomwa sindano ya usingizi hawamruhusu kutoka peke yake. Maneno ya daktari msiyatafsiri kwa kubahatisha: hospitali inapaswa kutoa mkalimani bila malipo. Mkiambiwa wa Kiswahili hayupo, ombeni wa kwenye simu, na msiondoke dirishani mpaka apatikane.