Nyaya za Wamirihi: diski ipi ya The War of the Worlds?

Swali la wiki lilikuwa hili: riwaya ya H. G. Wells ya 1898, The War of the Worlds, inayosimulia Wamirihi (viumbe wa sayari ya Mirihi) wanavyoivamia dunia, imetengenezewa filamu nyingi. Anayetaka kuitazama nyumbani kwa diski aanze na ipi? Jibu langu ni filamu ya 1953, kwa sharti moja: diski iwe imetokana na ukarabati wa 2018, yaani picha iliyosafishwa upya kwa kompyuta. Filamu hiyohiyo kwenye diski ya zamani ni kitu kingine, na nadhani wengi wanaoidharau wanaidharau kwa sababu ya diski waliyopata.

Shida ni nyaya. Katika filamu hiyo, iliyoongozwa na Byron Haskin na kutayarishwa na George Pal, mashine za Wamirihi ni vijimashine vya shaba vilivyoning'inizwa kwa nyaya nyembamba. Filamu ilipigwa kwa Technicolor ya mikanda mitatu: kamera moja, negativu tatu, kila moja ikinasa sehemu yake ya rangi. Nakala za kumbi za sinema zilichapwa kwa kupokeza rangi tatu juu ya mkanda mmoja, moja baada ya nyingine, na rangi hizo husambaa kidogo ukingoni. Ulaini huo ndio uliomeza nyaya, na mafundi waliutegemea. Baadaye filamu ilipochapwa upya kwenye mikanda ya kawaida ya rangi, yenye picha kali zaidi na mwanga mwingi zaidi, nyaya zikajitokeza. DVD za 1999 na 2005 zikarithi kasoro hiyo. Mashine ya kwanza inapoinuka kutoka shimoni, jicho linakimbilia juu kwenye nyaya badala ya kubaki kwenye mashine.

Ukarabati wa 2018 ulirudi kwenye negativu zile tatu. Negativu za zamani husinyaa, na hazisinyai kwa kiasi kimoja, kwa hiyo zikipandanishwa hivihivi kila umbo linapata pindo la rangi pembeni, na uso wa mtu unaonekana kama umetikisika. Kompyuta huzilinganisha fremu kwa fremu, ndiyo maana picha mpya imetulia hivyo. Kisha nyaya zikafutwa. Wapo wanaosema kuzifuta ni kuchezea historia. Siafikiani nao: nyaya hazikukusudiwa kuonekana, na nakala nzuri za 1953 zilizificha. Hapa kufuta ni kurudisha.

Na kuna kitu kinachopatikana ukishaacha kutazama nyaya. Wells aliandika mashine za miguu mitatu, na lawama ya kudumu juu ya filamu hii ni kwamba iliikata miguu hiyo. Tazama tena mashine zinapotoka shimoni: chini ya kila moja kuna miali mitatu hafifu ya mwanga inayogusa ardhi. Hiyo ndiyo miguu. Kwenye DVD iliyofifia miali hiyo hupotea kabisa.

Miongoni mwa diski zenye ukarabati huo ni Blu-ray ya kampuni ya Criterion ya 2020 na diski ya 4K (yenye picha kali kuliko Blu-ray) ya kampuni ya Paramount ya 2022, inayouzwa pamoja na When Worlds Collide kwenye Blu-ray. Ya Criterion ina sauti ya awali ya mono, mchanganyiko mpya wa chaneli 5.1 ulioandaliwa na fundi wa sauti Ben Burtt, na tamthilia ya redio ya Orson Welles ya 1938. Lakini imefungwa kwa kanda A, yaani sehemu ya dunia yenye Marekani, hivyo deki ya kanda B, yenye Ulaya na Afrika, itaikataa. Diski za 4K hazina kufuli la kanda.

Ukishaiweka kwenye deki, usiguse kitufe cha kukuza picha. Uwiano wake ni 1.37 kwa 1, kwa hiyo michirizi myeusi kushoto na kulia ni sahihi. Ukikuza ijaze televisheni ya 16:9 unakata karibu robo ya kimo cha picha, na kinachokatwa mara nyingi ni ile shingo inayosimama juu ya mashine na kurusha mwale wa joto. Ukiitanua badala ya kuikuza, kila kitu kinanenepa kwa takriban asilimia 30.

Filamu ya Steven Spielberg ya 2005 ndiyo ya pili kwangu, na diski yake ya 4K ya 2020 ndiyo ya kununua. Mpigapicha wake, Janusz Kamiński, aliipiga kwa chembechembe nzito na weupe uliochomwa makusudi. Hapa anayeharibu ni televisheni yenyewe. Zima kipunguza chembechembe na kilainisha mwendo. Katika shambulio la kwanza watu wanageuka majivu hewani, na televisheni huyadhania majivu hayo kuwa takataka ya picha, ikayapaka hadi yakawa ukungu. Honi ya mashine nayo ina mngurumo mzito ambao spika ndogo za televisheni haziufikii. Sabufa inahitajika, na modi ya usiku izimwe. Rangi za HDR (zenye mwanga na kina zaidi) zisipowaka, washa mpangilio wa mawimbi kamili kwa tundu la HDMI, ulipochomeka waya wa deki, kwenye mipangilio ya televisheni. Picha ikikatika au ikishuka kuwa 1080p, kagua amplifaya iliyo katikati: isiyo na HDCP 2.2, kinga dhidi ya kunakili, haipitishi 4K ya diski.

Anayenunua DVD ajue pia kwamba za PAL, mfumo wa televisheni wa nchi nyingi za Ulaya na Afrika, huenda kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Dakika 85 za filamu ya 1953 zinakuwa kama 82, na dakika 116 za Spielberg zinakuwa 111. Hakuna tukio lililokatwa. Kilichobadilika ni kasi, na sauti hupanda kidogo isiporekebishwa.

Mtego wa mwisho ni jina. Mwaka 2005 zilitoka filamu tatu zenye jina hili au linalokaribia sana: ya Spielberg, ya Timothy Hines inayokaribia saa tatu, na ya David Michael Latt. Mwaka 2019 zikaja tamthilia mbili za televisheni: ya BBC yenye sehemu tatu, iliyobaki Uingereza ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na ya Howard Overman, iliyohamishiwa Ulaya ya leo, yenye sehemu nane katika msimu wa kwanza. Geuza kasha, soma jina la mwongozaji na idadi ya dakika au sehemu kabla ya kulipa. Picha ya mbele pekee haitoshi kukusaidia.