Uamuzi wa kununua nguo na vipodozi ufanyike nyumbani, mbele ya kabati

Dada uliyeuliza, umeeleza kwamba mshahara wako unatosha kodi ya nyumba, chakula na ada ya mtoto, lakini kila mwezi, kabla haujafika katikati, kile kilichobaki kimeishia kwenye nguo, mafuta ya ngozi na mawigi, na kwamba umewahi kujiwekea nadhiri ya kutonunua chochote kwa mwaka mzima, nadhiri ikavunjika. Mimi naishi Dar es Salaam, nafanya kazi ya ofisini, na jambo hili nimelishughulikia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jibu la "jizuie tu" halijawahi kumsaidia mtu.

Kwanza, achana na nadhiri. Nguo huchakaa, sabuni huisha, mwili hubadilika, na mwanamke anayekwenda kazini na kwenye ibada hawezi kumaliza mwaka bila kununua hata sidiria. Nadhiri ya namna hiyo huvunjwa na hitaji halali, na ikishavunjwa mara moja mtu huona hana tena cha kulinda, akanunua na yale asiyoyahitaji. Mimi nashikilia jambo moja tu, nalo ni kwamba uamuzi wa kununua ufanyike nyumbani, mbele ya kabati, kabla fedha haijaguswa; usifanyike Kariakoo, usifanyike kwa fundi, na zaidi ya yote usifanyike kwenye simu usiku ukiwa umelala. Mengine yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Siku moja ya mapumziko, toa nguo zako zote na uzipange kitandani kwa kazi zake: za ofisini, za ibada, za nyumbani, za safari, na za shughuli, yaani harusi, kitchen party, send-off, kipaimara, maulidi na kadhalika. Usizipange kwa rangi wala kwa uzuri. Utakachokiona ni kwamba makundi hayalingani, na kwa wengi wetu kundi la shughuli limefurika ilhali kundi la kazini, ambalo ndilo tunalolivaa siku tano za juma, lina sketi mbili zilizopauka na blauzi iliyolegea kola. Hapo ndipo malalamiko ya kila asubuhi ya "sina nguo" yanapopata maelezo: nguo zipo, ila zipo upande usiohitajika kila siku. Andika kwenye daftari kila kundi lina nini na linakosa nini, kwa maneno kamili, kwa mfano "sketi nyeusi ya kazini inayofika chini ya goti", na si "nguo za kazini". Daftari hilo ndilo litakalokwenda nawe sokoni. Mtu anayeingia Mtaa wa Congo akijua anatafuta sketi nyeusi hutoka na sketi nyeusi, lakini aliyeingia kutazama tu hutoka na mfuko uliojaa, kwa kuwa pale kila hatua kuna mtu anayeita kwa bei ya kushawishi.

Kariakoo kuna mtego mwingine ambao sioni ukizungumzwa vya kutosha, nao ni bei ya jumla. Unaambiwa kwamba blauzi moja ni shilingi 15,000 lakini ukichukua tatu kila moja inakuwa 12,000, nawe unarudi nyumbani ukifurahi kwamba umeokoa 9,000. Kama hitaji lako lilikuwa blauzi moja, umetumia 21,000 zaidi ya ulivyokusudia. Bei ya jumla ni ya mfanyabiashara anayekwenda kuuza au ya marafiki watatu wanaogawana mzigo, na njia hiyo ya kugawana ni nzuri sana, mradi kila mmoja awe amekuja na hitaji lake mwenyewe. Hata mitumba, ambayo tunaisifu kwa unafuu wake, hula fedha kwa njia ile ile: shilingi elfu mbili mbili zinazotolewa kila Jumamosi pale Karume au Tandika hazisikiki zinapotoka, ila zikiunganishwa kwa miezi kadhaa zinanunua gauni jipya lililopimwa na fundi.

Sasa simu. Wauzaji wa mtandaoni wanajua kazi yao, na siwalaumu, kwa kuwa wengi ni dada zetu wanaolea watoto kwa biashara hiyo. Hata hivyo ni lazima uelewe namna inavyoendeshwa. Picha inawekwa jioni watu wakiwa wamechoka, inaandikwa kwamba mzigo mpya umeingia na zimebaki mbili, muuzaji anaingia laivu na kila anayeandika "yangu" anatengewa, kisha namba ya malipo inatumwa papo hapo. Kati ya kuona na kulipa hapapiti hata dakika tano, na wakati wote huo kabati lako liko chumbani limefungwa. Dawa yake ni kurudisha ule muda ulioondolewa. Mimi nikiona kitu kinachonivutia nahifadhi picha yake, naandika bei kwenye daftari, na siruhusu malipo hadi nimesimama mbele ya kabati mchana na kujiuliza kitaingia kundi gani, nitakivaa na nini nilicho nacho, na kama kuna kingine kinachofanya kazi hiyo hiyo. Mengi hayavuki swali la pili. Yanayovuka nayanunua bila majuto, na nikikuta yamekwisha najua kwamba meli nyingine iko njiani, kwa sababu katika biashara ya nguo mzigo wa mwisho haupo. Vilevile, zuia kwa ukimya kurasa na status za wauzaji ambao huna hitaji nao mwezi huu. Ukihitaji kitu utawatafuta wewe.

Jambo linalohusiana na hilo ni mikopo ya haraka ya kwenye simu na ile ya mtaani tunayoiita kausha damu. Kamwe usinunue nguo, wigi au mafuta kwa fedha ya mkopo, wala kwa huduma inayokukamilishia malipo salio lisipotosha. Hapa sina kauli ya pili.

Nije kwenye shughuli, ambako naamini ndiko fedha zetu nyingi zinakokwenda. Ukipokea ujumbe wa kamati kwamba sare ni kitenge fulani cha shilingi 35,000, akili inasikia 35,000. Lakini hesabu kamili ni ndefu. Tuchukue mfano wa kawaida: kitenge 35,000, fundi 40,000, zipu na bitana 8,000, kilemba 10,000, viatu vya kufanana na rangi 45,000, kusuka au kutengeneza wigi 30,000, kupambwa uso 30,000, na usafiri wa usiku 20,000. Hiyo ni 218,000, na mchango wa harusi wenyewe haumo. Gauni hilo litavaliwa mara moja, pengine mara mbili, kwa kuwa mara ya tatu kila mtu anajua ni sare ya harusi ya nani. Linganisha na viatu vya kazini vya 60,000 unavyovivaa siku mia moja: kila siku vimekugharimu shilingi 600. Gauni lile, ukihesabu nguo na ushonaji peke yake, limekugharimu zaidi ya 40,000 kwa kila mara hata ukilivaa mara mbili.

Sisemi tusiende kwenye shughuli za watu. Tunajengana kwa kuchangiana, na asiyekwenda kwa wenzake atabaki peke yake siku yake. Ninachofanya ni kutenganisha mchango na sare. Mchango natoa, na mara nyingi natoa mapema, kisha namwambia mwenye shughuli au katibu wa kamati kwa upole: "Mama, nipo nanyi, mchango wangu huu hapa, ila sare ya mara hii sitaweza, nitavaa kitenge nilicho nacho chenye rangi hiyo." Neno hilo lisemwe mapema kabla vitambaa havijaagizwa, ili asiharibikiwe hesabu. Kwa ndugu wa tumbo moja na kwa mtoto wa dada yangu sare navaa, na fungu lake nimelitenga. Kwa jirani wa mfanyakazi mwenzangu, hapana. Wengi wanaogopa kwamba watasemwa, lakini nimeona kinyume chake: mwenye shughuli huukumbuka mchango na ile doti ya khanga uliyomtunza, na kwenye picha za harusi rangi ikilingana hakuna anayekagua maua ya kitambaa. Msaada mwingine mkubwa ni fundi cherehani wa mtaani. Gauni refu la shughuli iliyopita hukatwa likawa sketi na blauzi, vipande viwili tofauti, na kwa gharama ya ufundi tu kundi la kazini linajazwa kutoka kundi la shughuli. Vitenge vianikwe kivulini na vipigwe pasi upande wa ndani, rangi itadumu.

Kuhusu ngozi nitasema kwa msisitizo zaidi, kwa sababu huku haipotei fedha peke yake. Umesema kwamba ukinunua mafuta na usipoona mabadiliko ndani ya wiki moja unabadilisha. Ngozi haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Tabaka lake la juu hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja, na dawa nyingi za chunusi huhitaji wiki sita hadi nane au zaidi ndipo matokeo yaonekane, hivyo anayebadilisha kila wiki analipia mwanzo wa tiba nyingi na hafikii mwisho wa hata moja. Pia anayepaka vitu vinne vipya kwa pamoja, akiwashwa au akibabuka, hawezi kujua kipi kimemdhuru. Kwa watu wengi mahitaji ya kila siku ni machache: sabuni isiyokausha ngozi, mafuta au losheni inayokufaa, na kinga ya jua kwa anayeihitaji, hasa ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao kinga ya jua ni tiba na haipaswi kamwe kuingizwa kwenye orodha ya vya kupunguza. Mafuta ya mgando ni nafuu na hulinda unyevu wa ngozi kavu vizuri kabisa.

Makopo mengi yana mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa mfuniko, lenye namba kama 6M au 12M, maana yake ni miezi ambayo kipodozi kinafaa baada ya kufunguliwa. Ukiwa na losheni tano zilizofunguliwa, zote zinazeeka kwa pamoja huku unatumia moja, na joto la Dar es Salaam haliyasaidii mafuta yaliyowekwa dirishani. Utaratibu wangu ni kwamba kopo jipya halifunguliwi kabla la zamani halijakwisha, na la kununua haliandikwi kwenye daftari hadi lililopo libaki robo.

Mkorogo nao lazima utajwe. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali ziliishapigwa marufuku katika vipodozi nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zebaki hudhuru figo, na steroidi ikitumika muda mrefu hukondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana. Ubaya wake kwa mfuko ni kwamba anayeacha ghafla mara nyingi hubabuka au huwa mweusi zaidi, akarudi dukani kununua tena ili kuficha kilichosababishwa na krimu yenyewe, na mzunguko huo hauna mwisho. Kama umo humo, fedha ya makopo mawili yajayo ipeleke kwa daktari wa ngozi, kwa kuwa kutoka kunahitaji usimamizi.

Kwa nywele sina mengi. Wigi moja zuri linalooshwa na kutunzwa linatosha, na katikati yake misuko kama mabutu ya uzi au twende kilioni inapendeza, ni nafuu, na inaipumzisha nywele yako.

Mwisho ni fedha yenyewe inakaa wapi. Mimi nina laini ya pili ya simu ambayo kazi yake ni hiyo tu: mshahara ukiingia, baada ya kodi, akiba na kikoba, kiasi nilichopanga cha nguo na urembo kinahamishiwa huko, na kila malipo ya aina hiyo yanatoka huko. Ikiisha tarehe kumi, imeisha. Ikibaki, inalala hadi mwezi ujao, na ndivyo ninavyopata viatu vizuri vya ngozi ambavyo kwa mwezi mmoja nisingevimudu. Kiasi chako kipange mwenyewe, ila kisiwe kidogo hadi ukione kama adhabu, maana utarudi kule kwenye nadhiri.

Na kwa muuzaji uliyezoeana naye, usimwambie akuwekee kitu ambacho hujakiamua. Fedha yake imelala kwenye mzigo huo. Mwambie wazi kwamba mwezi huu hununui, na mwezi utakaokuwa na hitaji mpe kazi yeye kwanza.

Vile vilivyokwisha kujaa droo, vigawe: vipodozi ambavyo havijafunguliwa wape wadogo zako au uviuze, nguo za shughuli mpelekee fundi. Kopo la mkorogo usimpe mtu yeyote, hata akikuomba. Ukishapanga kabati, tuandikie kundi gani limezidi na lipi limepungukiwa, kwa sababu kama ni shughuli nitakushauri tofauti na nitakavyokushauri kama ni ngozi.