Hutibu, inaweza kutibu au huenda ikatibu?

Swali: Ninafasiri makala za afya. Katika makala moja kuhusu viambata vya mwani ambavyo watafiti wanatumaini vitatoa dawa ya ugonjwa wa multipo sklerosisi, niliandika hivi: "Mwani ni dawa ya asili ambayo hutibu multipo sklerosisi kwa kumezwa." Mhariri amefuta "hutibu" akaweka "inaweza kutibu". Je, kuna tofauti ya maana, au ni mapendeleo yake tu?

Jibu: Tofauti ipo na ni kubwa. Mhariri wako ameona mahali penye kasoro, ingawa kwa maoni yangu alichokiweka nacho hakitoshi.

Kiambishi hu- hakifungamani na wakati wowote. Tunakitumia kwa mambo yaliyozoeleka au yaliyothibitika kiasi kwamba msemaji haoni haja ya kuyatetea: jua huchomoza mashariki, bahari hujaa na kupwa, kwinini hutibu malaria. Hata katika habari ya ugonjwa huu zipo sentensi zinazokistahili. Tunaweza kuandika bila wasiwasi kwamba katika multipo sklerosisi kinga ya mwili hushambulia utando wenye mafuta unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Tunaweza pia kuandika kwamba fingolimodi hupunguza marudio ya ugonjwa, kwa sababu dawa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuidhinishwa Marekani mwaka 2010, ikawa ya kwanza ya kumeza miongoni mwa dawa zinazopunguza kasi ya ugonjwa huo. (Nayo chimbuko lake ni kiumbe hai: wanakemia waliitengeneza kwa kubadilisha kemikali iliyopatikana katika kuvu.) Viambata vya mwani havijafika hapo. Vimechunguzwa zaidi katika maabara na kwa panya, na hakuna hata kimoja kilichokwisha kuidhinishwa kutibu ugonjwa huu. Kuvipa hu- ni kuvitangulizia ushahidi ambao bado haujapatikana, na mgonjwa anayesoma kwa hamu ya kupata nafuu hatakuwa na njia ya kulijua hilo.

Sasa tuje kwenye "inaweza kutibu". Kitenzi -weza hubeba maana mbili, uwezo na uwezekano, na katika habari za dawa msikilizaji huelekea kushika ile ya kwanza. Tukisema "fundi huyu anaweza kutengeneza jokofu", tunamsifia ujuzi alionao tayari. Ndivyo asikiavyo pia mtu anayeambiwa mitaani kwamba dawa fulani inaweza kutibu kisukari, shinikizo la damu na vidonda vya tumbo. Hasikii shaka yoyote ndani yake. "Ina uwezo wa kutibu" ni kali zaidi, kwa kuwa hapo uwezekano umeondolewa kabisa.

Neno linalobeba shaka waziwazi ni "huenda", na utaratibu mzuri ni kulifuatisha kitenzi chenye -ka-: huenda vikatibu, huenda vikasaidia, huenda ikawa dawa. "Yumkini" na "pengine" hufanya kazi iyo hiyo. Hata hivyo, katika habari za utafiti mimi hupenda zaidi kumtaja anayefanya kazi na kazi anayoifanya: "watafiti wanachunguza kama…". Muundo huu humweleza msomaji hatua iliyofikiwa, jambo ambalo "huenda" peke yake halimwambii. Nakushauri ujihadhari pia na "tiba tarajiwa", ambayo naiona ikienea. Bibi harusi mtarajiwa ni yule ambaye posa yake imekubaliwa, kwa hiyo "tarajiwa" huahidi kwamba jambo linakuja, wakati dawa nyingi zinazofanikiwa kwa panya hazifiki kwa mgonjwa.

Sentensi yako ina tatizo jingine ambalo mhariri hakuligusa, nalo kwangu ni zito kuliko la kitenzi. Ukiandika "dawa ya asili", msomaji wa Kiswahili anafikiria tiba asili, yaani majani na mizizi ya mganga. Na ukiandika "mwani ni dawa", atafikiria kuula mwani wenyewe. Lakini kinachochunguzwa ni kiambata kilichotengwa na kusafishwa. Mfano mmoja ni saringosteroli, inayopatikana katika mwani wa kahawia ambao Wajapani huuita hijiki. Mwani huohuo ukiliwa mzima una aseniki, na mwaka 2004 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza iliwashauri wananchi wasiule. Neno moja lililoachwa hapa linaweza kumpeleka mgonjwa kwenye sumu. Msomaji wa pwani, kwa upande wake, atadhani unasema habari za mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, tangu 1989, kumbe huo ni mwani mwekundu, wa kundi jingine, unaouzwa kwa ajili ya karagini, kitu kinachotumika viwandani kufanya vyakula viwe vizito. Kwa hiyo andika "viambata vilivyotolewa kwenye mwani wa kahawia", ingawa ni maneno mengi.

"Kwa kumezwa" si kosa, ila imekaa kama kwamba mtu anaumeza mwani wenyewe. Kwa kawaida tunasema "dawa ya kumeza", tukiitofautisha na ya sindano. Katika mazungumzo watu husema "kunywa dawa" hata kwa vidonge, na hilo ni Kiswahili safi, lakini katika maandishi ya afya "kumeza" haliachi shaka.

Ningeiandika sentensi yako hivi: "Watafiti wanachunguza kama viambata vilivyotolewa kwenye mwani wa kahawia vinaweza kutumika kutengeneza dawa ya kumeza ya kutibu multipo sklerosisi." Hapo -weza haina madhara, kwa sababu imo ndani ya "kama", na msomaji anaipokea kama swali. Na usikubali mtu aibadilishe "kutibu" iwe "kuponya": dawa zote za ugonjwa huu zilizopo leo hutibu, wala hakuna inayouponya.